Shahidi Namba Tatu

Benchi la nje ya ofisi ya Mhandisi,
Jumanne, tarehe 11 Agosti,
saa saba na dakika kumi mchana.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho kimekurudishia kifua chako ukitumie kwa kazi yake halali ya kuwafokea wanafunzi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, miguu inamsumbua asubuhi tu, na ulimi haujamsumbua hata siku moja. Mimi pia, ukinitazama kwa mbali, sijambo.

Kabla sijaendelea, nakuomba ufanye jambo moja. Ile orodha ya wanafunzi arobaini wa kupanda mnara wetu Jumamosi, kama ulishampelekea mwalimu mkuu, nenda ukaichukue. Usiulize kwanza. Ichukue, kisha rudi ukae usome hadi mwisho. Uliniuliza swali la mstari mmoja, kama mnara uko salama kwa watoto, na nimekaa na swali hilo siku tisa. Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua, mimi kwenye simu husema hatujambo hata nyumba ikiwa inaungua. Kwenye karatasi angalau mkono hauwezi kukimbia kuliko akili.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Mhandisi amekwenda kula na atarudi saa nane. Katibu muhtasi wake amepita mbele yangu mara tatu akitazama shati langu la kola na mfuko niliokumbatia, na mara ya tatu akaniuliza kama nimeleta posa au nimekuja kujiuzulu. Nikacheka kidogo tu, kwa kuwa moja kati ya hayo mawili huenda ni kweli. Basi la kuja kwenu linaondoka saa kumi, na dereva amekubali kukufikishia barua leo leo, mkononi mwako.

Mengi ya nitakayoandika unayajua. Nayaandika yote kwa mpangilio kwa sababu baada yako barua hii huenda ikasomwa na watu wasiotufahamu.

Mnara ulijengwa wakati meli ya kwanza ya mvuke ilipoanza kuvuka ziwa. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiwasha moto juu ya mwamba wa rasi, na mvua ikinyesha moto ulizimika, mitumbwi ikabaki kuitafuta nchi kavu kwa masikio. Mawe meusi yaliletwa kwa tishari kutoka ng'ambo, na waashi walichukua miaka mitatu kuyapandisha hadi vidato themanini na saba. Juu waliweka taa ya mafuta na ile lenzi kubwa yenye matabaka kama kitunguu kilichokatwa katikati. Baba aliitunza kwa miaka ishirini na sita. Utakumbuka mama alivyokuwa akiifuta kwa siki na shuka kuukuu, kwa sababu kitambaa kipya kinakwaruza, na baba alivyokuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameajiriwa kuwasha, lakini anayeifanya ionekane ni mke wake, ambaye hayumo hata kwenye daftari.

Kisha ikaja nguzo ya chuma kwenye gati, na taa yake ya sola inayojiwasha yenyewe. Baba alikabidhi funguo, na baada ya miaka mitatu naye akafariki. Mnara ukafungwa. Popo wakahamia, watu wakang'oa vitasa vya shaba, na wewe ukiwa tayari umeolewa huko, ukaletwa mpango wa kuubomoa ili mawe yake yajaze upanuzi wa gati. Kepteni, yule nahodha mstaafu wa kivuko mwenye sauti ya king'ora, ndiye aliyeitisha mkutano. Alisema mnara ulioonyesha njia vizazi vitatu hauwezi kusagwa ukawa kokoto ya kukanyagwa na wauza vocha. Watu wakapiga makofi, kamati ikaundwa, na mimi, ambaye nilikuwa sina kazi tangu ghala lilipofungwa, nikafanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Dada, hukuwapo, kwa hiyo hujui furaha yangu ya miaka hiyo. Niliandika barua mia moja na nne. Nilikusanya majina ya watunza taa wote kutoka kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa. Niliandika kile kijitabu cha historia ya mnara ulichowasomea wanafunzi wako. Na mwishowe idara ikakubali: mnara utahifadhiwa, utafunguliwa kwa wageni, nami nitakuwa mtunza mnara rasmi, kama baba. Ila kulikuwa na sharti moja.

Sharti hilo lililetwa na huyu Mhandisi ninayemsubiri. Ni mama mfupi, mpole wa sauti, asiyependa maneno mengi. Alipanda na tochi, na upande wa ziwa, kuanzia kidato cha ishirini na moja hadi cha thelathini na nne, akakuta ufa. Mwembamba, unaingia ukucha tu. Alituambia kwamba kwa macho hawezi kujua kama ufa huo ni wa zamani na umekufa, au uko hai na bado unatembea. Ingebidi ufa wenyewe uulizwe, tena kwa miezi kumi na miwili. Ukionekana umekufa, mnara utafunguliwa. Ukionekana uko hai, utafungwa siku hiyo hiyo, na nyumba ya mama, kwa kuwa imeegemea ukuta huo huo, itahamwa. Na wenye gati hawakuwa wameyasahau mawe yao.

Kazi ya kuuliza alipewa fundi mstaafu tunayemwita Timazi. Wanamwita hivyo kwa sababu anatembea na timazi mfukoni, na watu husema hata harusini yeye humpima bwana harusi kama amesimama wima. Alikata vipande vitano vya kioo chembamba, kila kimoja urefu wa kiganja na upana wa vidole viwili, akavilaza kukatiza ufa na kuvishika kwa saruji ncha zote mbili. Alinieleza kwamba kioo hakijui kuvutika wala kuvumilia. Ukuta ukisogea unene wa unywele, kioo kinakatika. Ndiyo maana mafundi wanaviita mashahidi. Juu ya kila kimoja huandikwa namba na tarehe kilipowekwa, ili anayekagua ajue kimesimama muda gani bila kukatika. Niliziandika mimi, kwa rangi nyekundu, kwa kuwa mwandiko wa Timazi ni wa kuku: tarehe 2 Juni, mwaka jana.

Nikamwambia kwa utani kwamba angeziba tu ufa tukaenda nyumbani, kwani wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Akanijibu kwamba mhenga huyo hakuwa fundi. Ufa ukizibwa, akasema, unaendelea na safari yake chini ya lipu, na wewe uliyeuziba ndiye wa mwisho kujua.

Tulipokaa chini kupumzika akanieleza jambo jingine. Babu yake alibeba mawe ya mnara huu, na alikuwa akisimulia kwamba nusu ya msingi imekaa juu ya mwamba, lakini nusu ya upande wa ziwa imekaa juu ya kifusi, kwa sababu miaka ile maji yalikuwa mbali na hakuna aliyedhani yangerudi. Nilikuwa na kijitabu changu karibu kwenda kwa mpiga chapa. Humo nilikuwa nimeandika kwamba mnara umejengwa juu ya mwamba. Nilimshukuru kwa habari hiyo, nikaiacha sentensi yangu kama ilivyokuwa. Nilijiambia kwamba simulizi za babu si ushahidi. Ukweli ni kwamba ilikuwa sentensi nzuri, na ya Timazi ingeiharibu.

Tangu hapo kazi yangu ikawa hii: kila Jumatatu saa tatu asubuhi napanda na tochi, nawatazama mashahidi watano mmoja mmoja, kisha naandika kwenye daftari la ofisi. Usiku, kama kawaida yangu tangu kidato cha pili shuleni, naandika shajara yangu. Mhandisi alikuwa akija kila baada ya miezi mitatu, anasoma tarehe kwenye vioo, anasoma daftari, anasaini, anaondoka. Juni hii alipotimiza mwaka alinipa mkono. Alisema amekagua majengo mengi ya zamani, lakini ni mara yake ya kwanza kuona daftari safi namna hii. Kepteni akanibeba juu mbele ya kamati nzima kama mtoto, na kiuno kikamuuma wiki mbili.

Sasa maandalizi yote ya ufunguzi wa Jumamosi yamekwisha. Ngazi zimewekwa kamba ya kushikia, mlango umepakwa rangi, na mama ndiye amekuwa bora kuliko sisi sote. Ameombwa awaeleze wageni namna lenzi ilivyokuwa ikifutwa. Kila asubuhi anasimama uani na kitambaa mkononi, anawahutubia kuku. Juzi nilimsikia akimkaripia jogoo kwamba wageni wa nyuma wasipige kelele wakati historia inazungumza. Ameniuliza kama mwanawe Mwalimu atakaa mbele. Nimemwambia utakaa mbele.

Lakini kuna mlango wa jikoni. Mnamo Aprili ulianza kugoma kufunga upande wa juu. Seremala akapiga randa, ukafunga. Juni ukagoma tena, akapiga tena, akasema ni unyevu wa ziwa unaovimbisha mbao. Nilimkumbusha kwamba tulikuwa kiangazi, mbao zote za mji zilikuwa zinalia kwa ukavu. Akasema basi labda ni nyumba inayonenepa, akacheka mwenyewe. Wiki iliyopita mlango huo ulibana mama akiwa ndani na chungu kiko motoni, akagonga mpaka jirani akaja kuusukuma kwa bega. Mama aliona ni kichekesho. Mimi nilipima kwa rula. Juu ya mlango, upande wa ziwa, kizingiti kimeshuka unene wa kidole kidogo.

Ni saa nane kasoro dakika ishirini. Nimefika mahali ambapo sina tena historia ya kukusimulia.

Dada, shahidi namba tatu amekatika mara tano.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu tarehe 10 Novemba. Nilikuwa nimepandisha ngazi ya mbao kuondoa viota, na niliposhuka nikakuta kioo kimepasuka katikati. Sikuwa na hakika. Ngazi ile ni ndefu na pembe ya pale ni kali, huenda mguu wake ulikigonga. Katika shajara yangu nimeandika hivi: "Namba tatu imekatika. Ngazi? Sina hakika." Nilipaswa kuandika maneno hayo hayo katika daftari la ofisi, na Mhandisi angeweka kioo kipya chenye tarehe mpya, na mwaka ungeanza kuhesabiwa upya. Mwaka mzima tena, kwa kosa la ngazi! Nilikwenda kwa mtengeneza fremu za picha, nikamwomba anikatie kipande. Akaniuliza ni picha ya nani hiyo, ya nyoka? Nikakibandika kwa saruji, nikaipaka saruji vumbi la mkaa isionekane mpya, na kwa mwandiko wangu ule ule nikaandika tarehe 2 Juni, mwaka jana.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 9 Machi, na siku hiyo hakukuwa na ngazi. Nilikaa kwenye kidato muda mrefu. Nikitoa taarifa ya kioo hicho, nitaulizwa kuhusu tarehe, na nikiulizwa kuhusu tarehe, nitaulizwa kuhusu kile cha kwanza. Nikarudi kwa mtengeneza fremu. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 25 Mei, wiki moja tu kabla Mhandisi hajaja kunipa mkono. Mara ya nne, tarehe 13 Julai. Zote zimo katika shajara, siku na saa. Hesabu majuma, Dada, mimi nimeyahesabu mpaka yananisumbua kama wimbo: kioo cha kwanza kilidumu majuma ishirini na matatu, cha pili kumi na saba, cha tatu kumi na moja, cha nne saba. Cha tano kimedumu manne.

Kwa maana jana nilipanda kama kawaida. Wote watano walikuwa wazima. Nilifurahi, nikakaa pale pale, nikafungua daftari gotini. Nilikuwa nimeandika "Mashahidi wote" na neno "wazima" lilikuwa bado kwenye kalamu, nikasikia sauti ndogo karibu na sikio langu, kama mtu anayevunja kidole kimoja. Nikageuka. Namba tatu ilikuwa imegawanyika, na nilipoitazama kwa tochi nikaona pengo. Mara zile nne ulikuwa mstari tu. Jana niliweza kuona giza la ukuta katikati ya vipande viwili. Na namba nne, ambayo haijawahi kunidanganya wala mimi kuidanganya, ilikuwa na mstari kutoka ukingo hadi katikati.

Nilishuka. Mama alikuwa uani na kuku wake, akaniuliza mbona nimerudi na uso wa mgonjwa. Nikamwambia ni vumbi la popo. Akaniambia ninawe, nisimpotezee hotuba.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilifanya haya kwa ajili ya mama, asitolewe katika nyumba aliyozalia. Nilikuwa nimeiandika hata barua nyingine jana jioni yenye sababu hiyo, nzuri, ya kuliza. Nimeichana asubuhi. Mama ni shuka niliyojifunika. Nilifanya kwa ajili yangu. Kwa miaka tisa nilikuwa mtu anayetumwa dukani na wadogo zake, kisha ghafla watu wakaanza kuniita Mtunza, wakinisimamisha njiani kuniuliza mawe yalitoka wapi. Wewe una darasa lako, kila asubuhi watu arobaini wanasimama unapoingia. Mimi nilikuwa na mnara tu. Nilipenda kuuokoa kuliko nilivyopenda uwe salama, na niliposoma swali lako la mstari mmoja ndipo nilipoona kwamba ni vitu viwili tofauti. Siku tisa, Dada. Siku mbili za mwanzo nilitafuta namna ya kukujibu ndiyo.

Ndani ya mfuko huu nina shajara zangu mbili na daftari la ofisi, lenye Jumatatu sitini na moja zilizo safi na moja isiyokwisha. Nitamkabidhi zote. Nimeanza na barua yako kwa makusudi, kwa sababu najijua. Nikiingia mle ndani nikababaika, nikaanza kusema habari za kamba ya ngazi na rangi ya mlango, barua hii itakuwa tayari imekwisha kusema. Dereva ataichukua hapa hapa saa tisa na nusu, niseme nisiseme.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi. Katibu muhtasi ameniashiria nivae uso wa mtu.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake ninayo bado na inafanya kazi. Wapwa zangu uwabusu mmoja mmoja kwa umri wao, mdogo asiachwe. Wanafunzi wako waambie safari imeahirishwa, na ukipenda waambie sababu; ni wakubwa wa kutosha. Mimi usinisamehe haraka. Fikiri kwanza.

Mdogo wako,
Karani.

*Nyongeza, saa tisa na robo.*

Nimetoka. Nilisema. Sikuanza na rangi ya mlango.

Alisoma shajara akiwa amesimama, kurasa zile tano nilizoweka alama, halafu akazirudia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, na pia kwa polisi. Hakuinua sauti. Aliniuliza ni nani analala katika nyumba iliyoegemea mnara. Nikasema mama yangu. Akaniuliza kitanda chake kiko upande gani. Nikasema upande wa ziwa. Akafunga shajara, akamwita dereva wa idara, akamwambia aende akamlete mama huyo sasa hivi, kama alivyo, vitu vitafuata. Kisha akampigia Kepteni kwamba hakuna Jumamosi. Sauti ya Kepteni niliisikia kutoka nilipokaa, na sitaki kuiandika. Mambo yangu mimi, alisema, tutayazungumza watu wakishakuwa nje ya ukuta.

Dereva wa idara amerudi mikono mitupu. Mama amekaa jikoni, amekataa kuinuka. Amemwambia yeye ni mke wa mtunza taa na mama wa mtunza mnara, na habari za ufa wamwulize mwanawe, aliyesoma vioo kila Jumatatu bila kukosa, hata Jumatatu aliyokuwa na homa. Mhandisi akanipa simu. Nimemwambia mama kwa mdomo wangu, kupitia simu ya jirani, kwamba vioo vilikatika na nikaviweka vingine, nikaandika uongo. Akaniambia kwamba watu wa gati wamenitisha, kwamba nimechoka kwa kazi nyingi, nije nile nilale, na kwamba yeye anamjua mwanawe.

Nimerudia mara tatu. Haniamini, Dada. Kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikishuka ngazi zile na kumwambia ukuta u mzima, na ameamua kumwamini yule wa kila Jumatatu.

Timazi amekwenda kukaa naye, nami naondoka hapa sasa hivi. Mhandisi amesema leo hakuna mtu wa kulala humo, hata ikibidi tumbebe na kiti chake. Nitambeba, lakini atarudi. Unamjua, alfajiri atakuwa ameshafika jikoni kuwasha jiko. Panda basi la kwanza kesho. Usimpigie simu, njoo mwenyewe, usimame mbele yake umwambie.

Wewe hujawahi kumdanganya.